Vijiji Vilivyosahauliwa na Daftari za Posta

Wazee wetu walisema ya kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Maana yake, mtu aliye mbali akipata barua ya ndugu yake ni kama ameuona uso wake kwa nusu. Leo twapenda kuonyesha ya kuwa neno hilo lina maana ya pili. Kwa daftari za ofisi zilizopokea barua za zamani twaweza kuonana kwa nusu na watu waliokwisha kufa, na vijiji ambavyo havionekani tena katika ramani.

Historia tunayojifunza shuleni mara nyingi ni habari za wafalme, za vita na za miji mikubwa. Kijiji cha nyumba kumi hakina mwandishi wa kuandika sifa zake. Watu wake wakihama, nyumba huanguka, majani huota, na baada ya vizazi viwili hakuna ajuaye ya kwamba watoto walizaliwa pale na wazee wakazikwa pale. Lakini kijiji hicho kikiwa kilipata posta, hata kwa mwaka mmoja tu, jina lake liliandikwa katika daftari ya serikali.

Na tuitazame nchi ya Marekani, kwa kuwa huko daftari za namna hii zimetunzwa vizuri sana. Katika karne iliyopita kabla ya ile ya ishirini, watu wengi wa nchi hiyo walihamia upande wa magharibi kutafuta mashamba. Walipokaa mahali, walitaka vitu vitatu upesi: shule, kanisa na posta. Serikali haikufungua posta kabla ya kuletewa hati yenye majibu ya maswali yake. Ofisi itakuwa mahali gani? Mto ulio karibu waitwaje, na uko umbali wa maili ngapi? Njia ya reli iko wapi? Posta zilizo jirani ni zipi? Watakaoletewa barua ni watu wangapi? Kisha mwombaji aliombwa kuchora ramani ndogo ya mahali penyewe. Hati za namna hiyo, za tangu mwaka wa 1837 mpaka 1950, zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Zimo pia daftari za tangu 1832 mpaka 1971, zenye majina ya wasimamizi wa posta na tarehe walizowekwa kazini.

Basi, mtu atafutaye kijiji kilichopotea huanza na jina. Akiliona, hupata mwaka posta ilipofunguliwa, jina la msimamizi, mto na njia. Posta ikifungwa, karani aliandika tarehe, na tena aliandika jina la ofisi ambako barua za wenyeji zingepelekwa tangu siku ile. Hapo mtafutaji hujua watu walielekea wapi, kama mwindaji afuataye nyayo.

Lakini hana budi kuwa na hadhari. Posta nyingi za mashambani hazikuwa na nyumba yake. Ilikuwa kabati katika duka, au sanduku katika chumba cha mkulima. Msimamizi akijiuzulu na jirani yake akishika kazi, posta ilihamia kwa jirani pamoja na jina lake, hata kama ni mwendo wa maili kadhaa. Kwa hiyo jina moja laweza kuonekana mahali pawili. Tena, majina mawili yaweza kuwa ya mahali pamoja, kwa kuwa serikali ilikataa jina lililokwisha kutumika katika jimbo lile lile, na mwaka wa 1894 iliamuru ya kuwa majina ya posta mpya yawe mafupi au ya neno moja. Wenyeji waliita kijiji chao hivi, na posta ikaitwa vingine.

Katika mwaka wa 1901 Marekani ilikuwa na posta 76,945. Hazijapata kuwa nyingi kama hivyo tena. Miaka mitano kabla yake, yaani 1896, serikali ilikuwa imeanza kuwatuma matarishi kupeleka barua mpaka mlangoni pa wakulima, bila malipo ya ziada. Wakulima walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini posta ndogo zikakosa kazi, na kufika mwaka wa 1910 zilizobaki zilikuwa 59,580 tu. Mahali pengi posta ilipofungwa, watu walikosa sababu ya kukutana, na jina la mahali likaanza kufa midomoni mwao.

Twataka kueleza habari za mahali pamoja tu, ili jambo lieleweke. Mwaka wa 1865 utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote. Miaka kumi na miwili baadaye watu weusi, ambao wengi wao walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky, walisafiri mpaka uwanda wa Kansas, wakaanzisha mji wao wenyewe, uitwao Nicodemus. Miti ilikuwa haba, kwa hiyo walichimba mashimo ardhini, wakaishi humo. Bibi mmoja, Willianna Hickman, aliyefika mwaka wa 1878, alieleza baadaye ya kuwa aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini, naye akalia machozi. Katika baridi ile ya kwanza Wahindi Wekundu wa kabila la Osage waliwagawia chakula.

Hata hivyo posta ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1877. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Zachary Fletcher, na mkewe Jenny aliwafundisha watoto kusoma. Fikirini maana yake. Katika majimbo mengi ya kusini, kabla ya vita, kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa. Sasa watu wale wale walikuwa na posta yao, na mmoja wao alishika kazi ya serikali. Barua iliyoandikwa jina Nicodemus ilikuwa ushahidi ya kuwa wapo.

Mji ulisitawi, ukapata maduka na magazeti mawili. Wenyeji walitumaini kupata reli, wakakubali kutoa dola 16,000 ili ije kwao. Lakini mwaka wa 1888 reli ilipita ng'ambo ya mto, maili sita hivi kutoka mjini, na wenye maduka wengi wakaifuata. Mwaka wa 1950 watu waliobaki mjini walikuwa 16. Mwaka wa 1953 posta ilifungwa.

Mtu asomaye daftari peke yake angefunga kitabu hapo, akisema mji umekufa. Angekosea. Wajukuu waliotawanyika hurudi kila mwaka wakati wa kiangazi kuadhimisha ukombozi wa watumwa, na mwaka wa 1996 serikali ya Marekani iliufanya mji huo kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Daftari huandika siku posta ilipofungwa, lakini haiandiki mapenzi ya watu kwa kwao.

Jambo hili lahusu nchi zetu pia. Wadachi walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1890, na baadaye bara. Katika bahasha za siku zile huonekana mihuri yenye majina kama Wilhelmstal, Neu Langenburg na Bismarckburg. Asiyejua atadhani ni miji iliyopotea; kumbe ni Lushoto, Tukuyu na Kasanga. Muhuri hueleza jina alilolipenda mtawala. Jina walilolitumia wenyeji halina budi kuulizwa kwa wenyeji.

Kwa hiyo, mwanafunzi akiona bahasha kuukuu katika sanduku la babu yake, asiitupe. Na asome muhuri, jina na tarehe, kisha amwendee mzee na kumwuliza: Mahali hapa palikuwa wapi? Ni nani waliokaa pale? Kwa nini waliondoka? Asiyeuliza hana ajifunzalo. Karatasi itampa nusu ya habari, na mzee atampa nusu ya pili. Lakini karatasi yaweza kungoja miaka mia, na mzee hawezi. Basi na aanze kwa mzee.