Ngomeni: Historia ya Kijiji cha Wavuvi na Ushahidi wa Msamiati Wake

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini ya Malindi, na kuonyesha kwamba historia hiyo haiwezi kuandikwa sawasawa bila ya kuyachunguza maneno ya wavuvi wenyewe. Wanahistoria wa pwani yetu wamezoea kutafuta ushahidi katika hati, makaburi na magofu. Ushahidi huo ni mzuri, lakini kwa kijiji cha aina hii hautoshi, kwani mvuvi hajengi kwa mawe baharini wala haandikiani mikataba na maji. Alichokirithi kwa wazee wake na kuwaachia wanawe ni kazi, na kazi hukaa katika maneno.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ngomeni imekaa juu ya rasi ya mchanga iliyojitokeza baharini, nyembamba mfano wa ulimi. Upande mmoja ni bahari kuu. Upande wa pili ni hori na mikoko. Kaskazini ya rasi yaanza ghuba ya Ungwana, inayoendelea hadi karibu na Kipini, ambako mto Tana humwaga maji yake. Kusini, baina ya Mambrui na Malindi, huingia baharini mto Sabaki. Mito hii miwili huteremsha tope kutoka bara, na kwa ajili ya tope hilo maji ya huko yamekuwa mashuhuri kwa kamba.

Jina la Sabaki si geni kwa wanaisimu. Ndilo walilolichagua kulipa kundi la lugha linalokusanya Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Hivyo basi Ngomeni iko mahali ambapo lugha ndugu hukutana: Kigiriama upande wa bara, Kipokomo kando ya Tana, na Kiswahili kijijini na katika miji ya pwani. Mahali pa namna hii msamiati ni amana ya watu zaidi ya mmoja.

Jina la kijiji nalo lahitaji kupimwa kwa uangalifu. Neno Ngomeni limeundwa kwa nomino 'ngome' na kiambishi cha mahali '-ni'. Mtu asikiapo 'ngome' katika pwani ya Malindi huwakumbuka Wareno mara moja. Lakini jina halithibitishi hayo. Linalothibitisha ni kwamba waliolitoa walikuwa wasemaji wa Kiswahili, au wa lugha ya jirani yenye kiambishi hichohicho, na kwamba machoni mwao mahali hapo palihusiana na ngome. Halituambii ni nani aliyejenga, wala lini. Jina la mahali ni shahidi wa watu waliolitamka kabla ya kuwa shahidi wa jengo.

Kwamba Wareno walipita katika maji haya ni jambo lisilo na shaka. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Malindi ikawa makao ya Wareno hadi walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Mwaka 2013 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichunguza mabaki ya merikebu iliyozama karibu na Ngomeni, wakakuta mapande ya shaba na pembe za ndovu. Mwaka 2024 watafiti walitoa rai kwamba huenda merikebu hiyo ni São Jorge, iliyozama mwaka 1524 katika safari ya mwisho ya Vasco da Gama. Uvumbuzi huu una thamani kubwa. Hata hivyo, shaba hiyo yatueleza habari za biashara ya Ulaya na Bara Hindi. Habari za mtu aliyekuwa akitega uzio horini siku merikebu ilipozama hazimo.

Tuje sasa katika zama za hati. Mwaka 1895 utawala wa ukanda wa maili kumi wa pwani uliingia mikononi mwa Waingereza kwa mapatano na Sultani wa Unguja. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hatimiliki za ardhi, iliyomtaka kila mwenye madai katika ukanda huo ayapeleke na kuyathibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Serikali. Katika utaratibu huo mwenye shamba na karatasi alisikilizwa. Aliyetumia ardhi kwa desturi hakuwa na cha kuonyesha. Mwaka 1914, baada ya Wagiriama kupinga utawala huo, wakiongozwa kwa ari ya Mekatilili wa Menza, waliamriwa waihame nchi ya kaskazini ya Sabaki, na miaka kadha ikapita kabla ya kuruhusiwa kurudi. Basi nchi iliyo nyuma ya Ngomeni ilifanywa ionekane tupu, kwanza kwa kalamu, kisha kwa nguvu.

Hapa ndipo msamiati unapokuwa ushahidi. Wavuvi wa pwani wanalo neno 'dago', maana yake ni kambi ya wavuvi waliohama kwao kwa msimu. Dago si mji, wala si pori. Ni mahali penye wenyewe hata pasipokuwa na mtu, kwa kuwa wenyewe watarudi upepo ukigeuka. Sheria ya mwaka 1908 haikuwa na neno la kutafsiri dhana hiyo. Ilijua kukaa na kutokukaa, haikujua kurudi.

Tutazame pia maneno ya pepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Machi hivi, bahari hutulia na vyombo hutoka nje ya mwamba. Kusi ikivuma bahari huchafuka, na mvuvi mwenye chombo kidogo hurudi kwenye maji ya ndani. Huko hutumia uzio, yaani ua wa fito unaozuia samaki maji yanapokupwa, au dema, au kimia. Kazi hiyo hufuata mwezi: kuna siku za bamvua, maji yajaapo na kupwa sana, na kuna siku za maji mafu. Mwenye kuyafahamu maneno haya ataona kwamba hori na ufuo wake wa tope si ziada katika maisha ya mvuvi. Ni riziki ya takriban nusu ya mwaka. Asiyeyafahamu ataona tope na mikoko tu, aandike katika ramani kwamba hapana kitu.

Katika miaka ya 1960 vita vya Shifta viliwatoa Wabajuni wengi katika vijiji vyao vya pwani ya kaskazini, wakatafuta makao kusini, Ngomeni ikiwa mojawapo. Walikuja na ufundi wao wa vyombo na nyavu, na lahaja yao ya Kitikuu, ambayo humwita mtu 'mchu', na tatu huwa 'chachu'. Mgiriama wa jirani husema 'mutu'. Mwanafunzi wa isimu asingehitaji kwenda mbali kuona jinsi sauti moja ya kale ilivyogawanyika. Wabajuni wamesifiwa tangu zamani kwa kumvua kasa kwa kumtumia chazo, samaki anayejigandisha kwa kichwa. Hufungwa ugwe mkiani, akaachwa aende akamnate kasa. Leo kasa analindwa na sheria za Kenya, na ni haki alindwe. Lakini kazi ikikoma, maneno yake hayana pa kuishi ila katika kumbukumbu za wazee na katika kamusi.

Wakati huohuo Ngomeni ilipata jirani wa ajabu. Serikali ya Italia iliweka baharini, mbele ya kijiji, jukwaa la San Marco la kurushia satelaiti. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia humsaidia mrushaji, na kwa kuwa mashariki yake ni bahari tupu. Satelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo mwaka 1967 na ya mwisho mwaka 1988. Iliyopata sifa kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya miali hiyo, na hata leo wanafalaki huviita kwa alama 4U, ambayo 'U' yake ni neno letu Uhuru. Neno la Kiswahili lililotoka katika maji ya Ngomeni limeandikwa katika orodha za nyota. Maneno ya wavuvi wa maji hayohayo bado yangoja mwandishi wake.

Miaka iliyofuata ilileta wageni wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mabwawa ya majaribio ya kufuga kamba yalichimbwa Ngomeni kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Meli za kukokota nyavu ziliingia ghuba ya Ungwana kuvua kamba, zikagombana na wavuvi wadogo hata zikapigwa marufuku mwaka 2006, kisha zikaruhusiwa tena kwa masharti. Mashamba ya chumvi nayo yalienea katika nchi tambarare ya Magarini. Malalamiko ya wenyeji yalifika kwenye Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ambayo ilifanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Wenyeji walilalamikia ardhi, maji ya visima yaliyoingia chumvi, na kuharibiwa kwa mikoko. Nyuma ya malalamiko hayo lilikuwako swali lilelile la mwaka 1908: ni nani awezaye kuthibitisha kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe? Na katika miaka ya karibuni bahari yenyewe imeanza kuila rasi na kubomoa nyumba.

Yafaa basi tujiulize wajibu wetu sisi wasomi wa lugha. Hatuna mamlaka ya kugawa ardhi wala ya kuzuia mawimbi. Tunao uwezo wa kukusanya msamiati wa Ngomeni kwa utaratibu: majina ya pepo na maji, ya mitego, ya sehemu za chombo, ya kila kipande cha hori na ya kila mwamba. Tusiwaulize manahodha peke yao. Tuwaulize pia wanawake wanaonunua na kukaanga samaki, wale waitwao mama karanga, kwa maana maneno ya samaki nchi kavu ni yao. Na kila jina la mahali liandikwe pamoja na kazi ifanywayo hapo na msimu wake. Bila ya hayo litakuwa jina tu. Orodha ya namna hiyo haitakuwa hatimiliki. Lakini itakapotandazwa ramani nyingine inayosema kwamba hapana kitu, itakuwako karatasi ya kuijibu, iliyoandikwa kwa lugha ya wenyewe.