Viti Kwanza, Kanuni Baadaye

Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulioanza mwaka 1958 ulikuwa na sharti la ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu kwa mpigo: moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilivutana sana kabla ya kukubali, katika mkutano wake wa Tabora Januari mwaka huo, kuingia katika uchaguzi wenye masharti kama hayo. Ilipokubali, ilibidi iwatafute Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono. Hivyo ndivyo walivyoingia Sophia Mustafa, aliyeshinda Jimbo la Kaskazini, na Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba Nyanda za Juu Kusini.

Wanawake wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika baraza la Tanganyika, basi, hawakuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakitembea mtaa kwa mtaa Dar es Salaam wakiuza kadi za chama. Kazi hiyo iliongozwa na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, ambaye tangu 1955 alikuwa akiwatoa wanawake majumbani na kuwapeleka mikutanoni kwa maelfu. Naye aliingia bungeni baadaye, lakini katika uchaguzi wa 1965 wapiga kura wa Rufiji walimwangusha. Chama kilikuwa hakina kinga kwa mwanamke anayeanguka jimboni, hata awe nani.

Kenya ilianza na mkono mtupu. Priscilla Abwao aliteuliwa katika baraza la kikoloni mwaka 1961, na mwaka uliofuata akaenda London kwenye mazungumzo ya katiba. Uhuru ulipofika Desemba 1963, Bunge halikuwa na mwanamke hata mmoja. Ilisubiriwa hadi 1969, Grace Onyango alipochaguliwa Kisumu Mjini. Alikuwa mwalimu kabla ya siasa, na tangu 1965 alikuwa meya wa mji huo, kwa hiyo watu wa Kisumu walikwisha kuzoea kumwona mbele yao. Ndiye mwanamke pekee aliyechaguliwa mwaka ule. Baadaye akakalia hata kiti cha Spika kwa zamu, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya kabla yake katika Bunge la Kenya.

Tanzania haikungoja majimbo yabadili mawazo. Kwa uchaguzi wa 1985 ilitenga viti 15 kwa ajili ya wanawake. Vyama vingi viliporudi, hesabu ikawekwa kwa asilimia: 15 mwaka 1995, 20 mwaka 2000, kisha isiyopungua 30 kuanzia uchaguzi wa 2005. Viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na kura vilizopata, na chama ndicho hupeleka orodha ya majina. Wabunge wa namna hii kila mtu anawaita Viti Maalum, na jina hilo wakati mwingine hutamkwa kwa heshima, wakati mwingine kwa kejeli.

Ni rahisi kuubeza mpango huu, lakini bila huo ukumbi wa Dodoma ungebaki wa wanaume kwa miongo kadhaa zaidi. Hata hivyo una mipaka iliyoandikwa kisheria. Mbunge wa Viti Maalum hana jimbo, kwa hiyo hagusi Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ule unaojenga darasa au kuchimba kisima na kumpa mbunge cha kuonyesha kampeni zikija. Anamtegemea aliyeliweka jina lake kwenye orodha, na huyo si mpiga kura. Tena Katiba, ibara ya 51, inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni. Mlango huo umefungwa kwa karibu theluthi moja ya Bunge, na karibu wote wanaokutana na kufuli hilo ni wanawake.

Anne Makinda aliingia bungeni mwaka 1975 akiwa na miaka 26, akapitia uwaziri, unaibu spika, na ubunge wa jimbo la Njombe Kusini. Novemba 2010 Kamati Kuu ya chama tawala, CCM, ilipeleka majina matatu ya kuwania uspika, yote ya wanawake: Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Aliyekuwa Spika, Samuel Sitta, akaachwa nje. Wapo waliosema usawa wa kijinsia ulitumika kama ufagio wa kumwondoa mtu aliyeliachia Bunge liwahoji sana wakubwa. Huenda wana hoja. Lakini Makinda alikalia kile kiti miaka mitano, na akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Bunge la Tanzania.

Kanuni na majengo vimekwenda kwa mwendo mwingine kabisa. Viti vinaongezwa kwa kuifanyia katiba marekebisho. Kanuni za ukumbi hubaki vilevile mpaka mwanamke mmoja ajikwae nazo mbele ya kamera.

Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa, Nairobi, akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano. Alikuwa na dharura nyumbani na hakuwa na pa kumwacha. Bunge halikuwa na chumba cha watoto anachoweza kukitumia. Kwa mujibu wa kanuni, asiye mbunge ni mgeni, na mgeni haruhusiwi kuketi ukumbini. Christopher Omulele, aliyekuwa akiongoza kikao, akamwamuru atoke na mtoto, arudi peke yake. Kelele zikazuka, wengine wakisema anauaibisha ukumbi, wengine wakimtetea, na baadhi ya wabunge wanawake wakainuka wakatoka naye. Kinachochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba Bunge hilohilo lilikuwa limepitisha Sheria ya Afya ya 2017, inayowataka waajiri waweke vyumba vya kunyonyeshea kazini.

Dodoma ilipata kisa chake Juni 2021. Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, alitolewa ukumbini baada ya mbunge mwenzake kulalamika kuhusu suruali yake, na Spika Job Ndugai akamtaka akavae vizuri kwanza. Wanawake wenzake walimtetea hadharani. Nairobi tena, Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba alilazimika kuondoka katika Seneti kwa sababu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa la hedhi. Visa vyote vitatu vilihusu mwili wa mwanamke, na vyote viliamuliwa papo hapo na mwanaume.

Walio kimya zaidi ni watumishi: makarani wa kamati, waandishi wa Hansard, watafiti, makatibu muhtasi. Mbunge akifukuzwa ukumbini, kesho yake yumo magazetini. Karani anayesumbuliwa na mbunge hana kipaza sauti, na mkataba wake uko mikononi mwa ofisi inayomtumikia mbunge yuleyule. Mwaka 2021 Umoja wa Mabunge Duniani na Umoja wa Mabunge ya Afrika vilichapisha utafiti uliowahoji wanawake 224 kutoka nchi 50 za Afrika, 137 wakiwa wabunge na 87 watumishi. Asilimia 80 ya wabunge hao walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia katika kazi yao, na asilimia 39 walitaja ukatili wa kingono.

Oktoba 2023, mjini Luanda, Dkt. Tulia Ackson, Spika wa Tanzania wakati huo, alichaguliwa kuwa rais wa Umoja huo wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Pamoja na wadhifa alirithi mpango wa utekelezaji uliopitishwa Québec mwaka 2012, unaoyataka mabunge yapange saa za vikao zinazomwezesha mzazi kurudi nyumbani, yatenge mahali pa kulelea watoto, na yaweke utaratibu wa kupokea malalamiko ya unyanyasaji, ya wabunge na ya watumishi pia.