Chakula cha njiani Goma, Bukavu na Uvira: namna ya kupata mchuzi na vitafunio vizuri vya kupeleka

Wakaaji wengi wa miji yetu ya mashariki hawapikiwe chakula cha mchana nyumbani. Kinatoka kwa mama mwenye sufuria mbili tatu na jiko ya makala kando ya barabara. Watu wanaita pahali pale malewa, neno lenye lilikuja na Kilingala na leo liko la kila mtu, toka Kisangani mpaka Uvira. Mwanafunzi, mwenye moto wa taxi, fundi wa cherehani, hata mkubwa wa ofisi, wote wanapita pale.

Hatutataja muuzaji mmoja mmoja. Mama mwenye kupika vizuri leo anaweza kuhama kesho juu ya mvua, ao juu ya wale wanaofukuza wauzaji barabarani. Tutaeleza alama za kutazama, saa ya kufika, na chombo cha kubebea, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza pesa, na wengine afya yao.

Sambaza na samaki zingine

Ukiwa Goma ao Bukavu, anza na sambaza. Samaki hii ndogo, yenye wanasayansi wanaita Limnothrissa miodon, haikuwa ya ziwa Kivu. Ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki ya kula vijidudu vyenye kuelea mule. Ikazaana, na leo ndiyo inayokulisha wavuvi na wauzaji wa pande zote mbili za ziwa, huku kwetu na kule Rwanda.

Wavuvi wanatoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wanawasha taa, sambaza inafuata mwangaza, halafu wavu unapandishwa. Asubuhi mapema samaki iko kwenye beach. Kwa hiyo sambaza yenye kukaangwa kati ya saa tatu ya asubuhi na saa sita ya mchana mara nyingi ni ya usiku uleule. Ile ya jioni, uliza. Kuna yenye kubaki, inarudishwa kwenye mafuta mara ya pili ili ionekane mpya.

Tena angalia mwezi. Siku za mwezi mzima taa za wavuvi hazina nguvu mbele ya mwangaza wa mbinguni, samaki inatawanyika na wengi hawashuki ziwani. Siku hizo bei inapanda, na ndizo siku ambazo sambaza ya zamani inaingia kwenye sahani. Mwenye kujua anakula maharagwe wiki hiyo.

Sambaza mbichi nzuri iko na jicho lenye kung'aa na tumbo lisilopasuka. Ikisha kaangwa, inapaswa kuvunjika kwa meno. Ikiwa laini na inaacha mafuta mengi kwenye vidole, mafuta hayakuwa moto ao ilikaangwa mara mbili. Wengine wanaipitisha kwanza kwenye unga. Si mubaya, ila unga unajaza fungu, na wewe unadhani umepata samaki mingi. Pilipili, chumvi, ndimu, inatosha.

Kule Uvira na Kalemie mambo ni ya ziwa Tanganyika: ndagala na mikebuka. Ndagala kavu yenye kuanikwa chini kwenye mchanga inakwaruza meno hata ukiosha mara tatu. Ile ya kuanikwa juu ya vitanda vya waya inagharimu zaidi kidogo, lakini hutatupa kitu.

Mchuzi: kari, sombe na maharagwe

Watu wengi wanasema kari ni chakula cha Wahindi. Ni kweli, lakini njia yake mpaka kwetu ni ya zamani kuliko maduka yao mjini. Wafanyabiashara wa pwani waliovuka Ujiji na kufika Maniema katika karne ya 19 walikuja na mchele na namna yao ya kupika. Kasongo, mji wa Tippu Tip, ulikuwa na mashamba ya mpunga, na mpaka leo mchele wa Maniema unajulikana. Chapati na sambusa zilifuata mkondo uleule: India, pwani, halafu ndani ya bara.

Kari yenye kuuzwa sokoni kwetu kwenye vifuko ni mchanganyiko. Rangi ya njano inatoka kwa manjano. Harufu inatoka zaidi kwa giligilani, bizari nyembamba na uwatu. Mpishi anayejua anakaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi, anatia kari ndani ya mafuta kwa muda mfupi, ndipo analeta nyanya na maji. Mwenye haraka anaitupa mwishoni ndani ya maji ya moto. Utapata mchuzi wa njano wenye ladha ya unga mbichi. Namna ya kutofautisha bila kuonja: tazama juu ya sufuria. Mchuzi wenye kuiva, mafuta yamejitenga na kupanda juu, na kitunguu hakionekani tena. Mchuzi wenye maji mepesi upande mmoja na vipande vya nyanya upande mwingine, uache. Na kama kila sufuria iko na ladha moja tu, ile ya cube, basi hakuna kari pale, kuna cube.

Lakini kwa maoni yetu, mpishi wa malewa unamjua kwa sombe. Majani ya muhogo mabichi yako na sumu, ile yenye inaitwa sianidi. Inaondoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha kwa muda mrefu. Kuchemsha kunataka makala, na makala ni ghali. Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka upande wa Mbuga ya Virunga, na kila barabara ikifungwa, gunia linapanda bei. Mama mwenye kufanya hesabu ya gunia anaweza kupunguza saa ya moto. Sombe yenye kuiva ni laini, rangi yake imekuwa ya giza, na mawese imeshikana nayo. Sombe ya kijani kibichi yenye uchungu kwenye ulimi, usimalize sahani.

Maharagwe hayana siri mingi. Yawe yamepasuka kidogo na mchuzi wake uwe mzito wenyewe, bila unga.

Vitafunio vya asubuhi na jioni

Bitumbura, wengine wanasema beignets, ni za asubuhi: kwenye parking, mbele ya masomo, kwenye njia za kwenda sokoni. Chapati nayo. Hapa jambo ni mafuta. Mafuta ya kukaangia yakiwa meusi, yakitoa povu lenye halishuki ao moshi wenye kuchoma macho, yametumika siku nyingi. Bitumbura za mafuta hayo zinakuwa na rangi ya kahawia nje na unga mbichi ndani. Pasua moja mbele ya muuzaji. Hakuna mama mwenye kukasirika kama kazi yake iko safi.

Jioni ni zamu ya makemba ya kukaanga, mahindi ya kuchoma na brochettes za mbuzi. Nyama ichomwe mbele yako mpaka katikati isiwe na damu. Ile iliyochomwa nusu mchana ikingoja wateja wa usiku ndiyo yenye kuangusha watu.

Kubeba mpaka nyumbani

Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawajali. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki nchini. Lakini tembea sokoni uone. Mchuzi wa moto ndani ya sachet nyembamba unalainisha plastiki. Karatasi za madaftari ya zamani nazo ziko na wino, na mafuta ya sambaza yanauvuta wino. Beba gamele yako yenye kifuniko, ni dawa rahisi kuliko zote. Tena mama atakujazia vizuri, juu gamele haina kipimo cha sahani yake. Majani ya ndizi ni mazuri kwa vitu vikavu, kama vile majani ya porini yenye wanafungia chikwangue kule Kisangani na Maniema.

Chakula kilichopoa kisikae zaidi ya saa mbili kabla ya kula. Hasa wali: kuna vijidudu vyenye kuvumilia moto wa kwanza na kuzaana wali ukikaa vuguvugu.

Na maji. Miji ya kando ya Kivu na Tanganyika inajua kipindupindu. Kinarudi kila mara. Mara nyingi shida haiko ndani ya sufuria yenye kuchemka. Iko ndani ya beseni ya kuoshea sahani, beseni moja kwa wateja arobaini, maji yakiwa yamechotwa ziwani bila klore. Iko pia kwenye pilipili ya kusaga, kabichi mbichi na mikono yenye kupokea pesa kisha kushika mkate. Chagua mama mwenye ndoo ya robinet na sabuni. Ukila, kisha ukaanza kuharisha choo kama maji ya mchele, usingoje asubuhi: nenda kwenye kituo cha afya. Njiani endelea kunywa maji yenye sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kuhusu bei, haina maana kuziandika hapa, maana zinafuata dola na barabara. Tazama fungu la mwenye kukutangulia kabla ya kuuliza lako. Kulipa, beba franka ndogondogo. Wauzaji wanakosa za kurudisha, na noti yenye kupasuka inakataliwa hata na mwenye kuuza bitumbura mbili. Kama umekuwa mteja wa kila siku, unaweza kusema "Mama, unipe na matabishi." Kijiko kimoja cha mchuzi juu ya bugali, anakutilia. Ila usiombe asubuhi mbele ya mteja wake wa kwanza kulipa. Kwa wauzaji wengi hiyo ni kuharibu siku.