Thamani, Mzunguko na Ratiba ya Kuhesabu Mali katika Bohari za Dawa

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania hufungwa tarehe 30 Juni, na siku hizo bohari za umma huhesabu mali yote kwa mkupuo mmoja. Katika stoo ya hospitali kazi hii humaanisha kupita rafu kwa rafu, kuanzia dripu na vitendanishi vya maabara hadi pamba na plasta, kisha kulinganisha kilichopo na kilichoandikwa kwenye leja. Mkaguzi hupata anachokihitaji. Mtunza stoo hapati kitu kikubwa. Tofauti iliyoingia mwezi Agosti huonekana Juni, miezi kumi baadaye, wakati vocha ya kutolea mali imezikwa chini ya nyingine mamia na aliyeitia saini pengine amehamishiwa wilaya nyingine. Leja hurekebishwa ifanane na rafu, na sababu ya kosa haijulikani. Agosti ijayo kosa lile lile lina nafasi ya kurudi.

Dawa ya tatizo hili inafahamika kwa watu wa ugavi: kuhesabu kwa mzunguko, yaani kuhesabu bidhaa chache kila siku au kila wiki mwaka mzima, zile muhimu zaidi zikirudiwa mara nyingi zaidi. Ugumu uko kwenye neno “muhimu”. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kulipima kwa fedha peke yake, na kwamba kipimo hicho, japo kinafaa sana kwa mnunuzi, kinampotosha anayepanga ratiba ya kuhesabu.

Kipimo chenyewe kina historia. Mwaka 1951 H. Ford Dickie, wa kampuni ya General Electric ya Marekani, alichapisha makala iliyoeneza mgawanyo wa mali ya ghala katika makundi A, B na C. Msingi wake ni uchunguzi ambao Joseph Juran aliuhusisha na jina la Vilfredo Pareto, mchumi Mwitalia aliyechunguza mgawanyo wa mapato mwishoni mwa karne ya 19: sehemu ndogo ya vitu hubeba sehemu kubwa ya thamani. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua matumizi ya mwaka ya kila bidhaa, zidisha kwa bei, panga kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha jumlisha ukishuka. Mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya bidhaa humeza asilimia 70 hadi 80 ya fedha yote. Hizo ni A. Kundi C ni bidhaa nyingi zenye thamani ndogo kwa jumla, na B hukaa katikati. Mnunuzi akiliona jedwali hilo hujua mara moja ni mikataba ipi aijadili kwa makini.

Anayehesabu, kwa upande wake, anataka kujua ni wapi leja imeachana na rafu, na bei haimwambii. Leja huachana na rafu pale mali inapoguswa: inapopokelewa, inapohamishwa, inapofunguliwa katoni, inapotolewa wodini usiku na kuandikwa asubuhi. Kila mguso ni nafasi ya kukosea. Bidhaa inayotoka mara tano kwa siku ina nafasi hizo zaidi ya elfu moja kwa mwaka; inayotoka mara moja kwa mwezi inazo kumi na mbili.

Tazama glovu. Boksi la kawaida lina glovu 100, yaani jozi 50. Wodi moja huomba “glovu 100” ikimaanisha jozi, nyingine huomba “boksi mbili”, na kadi ya bini iliyoning'inia kwenye rafu imechorwa kwa kipimo cha boksi. Anayetoa mali akiwa na foleni mbele yake huandika tarakimu aliyoiona kwenye ombi. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea sana, lakini ndani ya wiki chache kadi inaonyesha akiba ambayo rafuni haipo. Vidonge vya kopo la elfu moja vinavyotolewa kwa mamia, na vya pakiti vinavyotolewa kwa blista, vina maradhi hayo hayo. Nyingi ya bidhaa hizi ni za bei ndogo, na katika mgawanyo wa fedha pekee baadhi yake huangukia B au C, makundi ambayo ratiba huyapa zamu chache.

Utafiti unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2008 Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za akiba karibu 370,000 kutoka maduka 37 ya mfanyabiashara mmoja wa rejareja, na wakakuta asilimia 65 hazilingani na kilichokuwa dukani. Wingi wa mauzo ya bidhaa ulikwenda sambamba na ukubwa wa makosa. Duka si hospitali, na takwimu hizo hazihamishiki kwetu zilivyo. Lakini njia ya kosa kuingia ni moja: mkono wa mtu, karatasi na haraka.

Kwa hiyo ratiba ijengwe kwa mihimili miwili, thamani ya mwaka na idadi ya miamala. Dawa ya saratani inayoagizwa mara moja kwa robo mwaka na dripu zinazotoka kila saa zinaweza kuwa zote A kwa fedha. Leja ya ile ya kwanza ina mistari michache na inasomeka kwa dakika moja. Ya pili ni kitabu. Kuzipa zamu sawa ni kupoteza muda kwa upande mmoja na kuacha pengo kwa upande mwingine. Nakubali kwamba kitu kidogo chenye bei kubwa kinatamanisha wizi, na kwa sababu hiyo thamani haiwezi kuondolewa kwenye hesabu. Inabaki, ila haitawali peke yake.

Wanaosema watumishi hawatoshi wafanye hesabu. Tuseme, kwa mfano, stoo ina bidhaa 400. Zile 60 zenye thamani kubwa au miamala mingi zinahesabiwa kila mwezi, 100 za kati mara nne kwa mwaka, na 240 zilizobaki mara mbili. Hizo ni hesabu 720, 400 na 480, jumla 1,600. Kwa siku 250 za kazi ni bidhaa sita au saba kwa siku. Watu wawili huimaliza kazi hiyo asubuhi, kabla dirisha la kutolea mali halijafunguliwa.

Katika dawa, hata hivyo, mihimili miwili haitoshi, na hapa ndipo hospitali inapotengana na ghala la vipuri. Oksitosini huzuia na kutibu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Magnesiamu salfeti hutibu kifafa cha mimba. Bei zake ni ndogo, na katika vituo vingi hazitoki kwa wingi unaoweza kuzipandisha daraja. Kwa fedha ni C, kwa miamala hazijitokezi, na bado kadi ikisema vipo vichupa ishirini wakati hakuna hata kimoja, mama anaweza kufa. Wataalamu wa dawa wana mgawanyo wa kuzitambua: dawa za kuokoa uhai, za lazima, na zile zinazoweza kusubiri. Mgawanyo huo hutumika zaidi wakati wa kuagiza, bajeti inapobana. Unastahili kuingia pia kwenye ratiba ya kuhesabu, kwa kanuni isiyo na majadiliano: dawa ya kuokoa uhai haishuki chini ya zamu ya kila mwezi, iwe na bei gani. Kwa oksitosini, inayohifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, anayehesabu asome pia kipimajoto cha friji na tarehe ya kuisha muda ya kila batchi, kwa sababu kichupa kilichoharibika kwa joto huhesabika kama kizima.

Njia nyingine ya kupunguza kazi ni kuhesabu bidhaa inapofikia kiwango cha kuagiza. Rafu inakuwa karibu tupu, kwa hiyo kazi ni ya dakika chache, na huo ndio wakati ambao kosa la leja lina madhara makubwa: agizo likichelewa kwa sababu kadi imedanganya, hakuna akiba ya kufidia.

Anayehesabu asioneshwe tarakimu ya leja kwanza. Akiiona, jicho litaitafuta na kuipata. Tofauti ikijitokeza, leja isiguswe mpaka vocha za tangu hesabu iliyopita zipitiwe. Kwa bidhaa iliyohesabiwa mwezi uliopita ni karatasi za wiki nne tu, na aliyezisaini bado yupo. Hesabu ya Juni itaendelea kwa ajili ya wakaguzi. Makundi yenyewe yapangwe upya kila robo mwaka kutokana na miamala halisi, kwa kuwa dawa ya malaria iliyotulia wakati wa kiangazi hutoka kwa kasi mvua za masika zinapokwisha kuacha madimbwi, na zamu yake ibadilike kabla wagonjwa hawajaanza kupanga foleni.