Mashairi ya FRELIMO: Nani Alistahili Kuingia Diwanini?

Juni 25, 2025 Msumbiji ilitimiza miaka 50 ya uhuru. Watu wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wa Mtua hata wa Ruangwa, wana haki ya kuihesabu siku hiyo kuwa yao pia. Ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ambao ulikufa mwaka 1951, ndiyo baadaye iliyobeba kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, harakati iliyopigania uhuru huo, na jina la kambi hiyo, Farm 17, linatajwa mpaka leo. Habari za bunduki tumesimuliwa. Za mashairi, karibu hakuna anayezitaja.

Mwaka 1971 FRELIMO ilitoa Poesia de Combate, diwani ya Kireno iliyokusanya tungo za wapiganaji wenyewe. Humo yumo Jorge Rebelo, msemaji mkuu wa harakati, na Armando Guebuza, ambaye mwaka 2005 alikuja kuwa Rais. Kipimo kilikuwa wazi: kwanza uwe mwanaharakati, ndipo shairi lako lisomwe.

Kipimo hicho kilikuwa na ugomvi nyuma yake. Mwaka 1962, Casa dos Estudantes do Império, nyumba ya wanafunzi kutoka makoloni iliyokuwa Lisbon, ilichapisha Poetas de Moçambique, mkusanyo wa mhakiki Mreno Alfredo Margarido. Rui Knopfli, mshairi Mzungu mzaliwa wa Inhambane, akamjia juu, na Eugénio Lisboa akawa upande wake. Margarido alitaka ushairi wa Msumbiji ubebe Uafrika na mateso ya watu wake. Knopfli alishikilia kwamba shairi lipimwe kwa ubora wake, na kwamba naye ni mwana wa nchi ile. Wakati wao wakijibizana, watu walikuwa wakifungwa: José Craveirinha, mshairi mkubwa kuliko wote wa Msumbiji, alitiwa ndani na polisi wa siri wa Ureno, akatoka mwaka 1969.

Aliyepata njia nzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Margaret Dickinson, mtengenezaji filamu Mwingereza aliyefanya kazi na FRELIMO Dar es Salaam. Mwaka 1972 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa diwani aliyoikusanya, When Bullets Begin to Flower, jina lililotoka katika shairi la Rebelo. Humo mfungwa na mpiganaji wamewekwa pamoja: Craveirinha yumo, Guebuza yumo. Yumo pia Noémia de Sousa, aliyeondoka Msumbiji mwaka 1951, kabla FRELIMO haijazaliwa, na ambaye shairi lake maarufu linaitikia nyimbo za Weusi wa Marekani zilizomfikia redioni. Ukipima kwa bunduki peke yake, mama huyu anabaki nje, ilhali sauti yake iliwatangulia wapiganaji.

Baada ya uhuru Poesia de Combate iliendelea kwa majuzuu mengine.

Lakini kwetu Tanzania kumebaki kimya. Wengi wa vijana waliovuka Ruvuma walikuwa Wamakonde, na Kiswahili kilikuwa kinywani mwa wengi wao; Kireno kilifundishwa kambini ili kuwaunganisha na wenzao wa kusini. Mtoto wa Mtua anastahili kuyasoma mashairi hayo kwa Kiswahili, shuleni kwake, pamoja na ya Shaaban Robert. Serikali ina programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, inayohifadhi makambi na makaburi. Wafasiri wa Kireno wapo. Waitwe.