Sabato ya Mafichoni (Sehemu ya 3)

Mama zangu, leo twende Mbale, Uganda, kwa Wayahudi wanaoitwa Abayudaya. Mwaka 1919 jemadari Semei Kakungulu alisoma Biblia, akatahiriwa yeye na wanawe, akaanza kuishika Sabato. Wengi wakamfuata. Baadaye Idi Amin akaipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache wakaendelea kusali kimyakimya majumbani mpaka Amin alipoanguka, 1979.

Siku hizi Ijumaa jua likizama, mishumaa inawashwa, na sinagogi la kilima cha Nabugoye linajaa nyimbo za Kiganda. Jamii hiyohiyo ina kituo cha afya mjini, kinatibu Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Mimi nesi hapo ndo wamenigusa: waliofungiwa mlango wamewafungulia wote. Mtoto mwenye malaria haulizwi dini.