Podho na Ushanga: Hiari ya Hasimu katika Masimulizi ya Wajaluo wa Nyanza Kusini

Makala haya yanachunguza swali moja ambalo aghalabu huulizwa na wanafunzi pindi simulizi ya mkuki na ushanga inapofundishwa, na ambalo wahakiki wetu wamelipita kwa haraka mno: je, Podho angeweza kumwokoa mtoto wa Aruwa? Wako wanaoliuliza kwa ukali zaidi: je, alitaka kumwokoa, kisha akashindwa na uchungu wake mwenyewe? Swali laonekana jepesi. Kwa kweli linagusa msingi wa kazi ya uhakiki, kwani linatulazimu tuamue kama mhusika wa kubuni ana hiari yoyote nje ya yale aliyotendeshwa na msimulizi.

Kuna pingamizi linalojulikana. Mwaka 1933, L. C. Knights aliandika insha ambayo hata anwani yake iliwakejeli wale waliojishughulisha na idadi ya watoto wa Lady Macbeth. Hoja yake ilikuwa kwamba mhusika ni maneno yaliyopangwa katika kazi ya sanaa, wala si jirani yetu ambaye tunaweza kukisia angefanya nini kesho. Hoja hiyo ina nguvu panapohusika tamthilia iliyopigwa chapa. Lakini ina nguvu kiasi gani katika fasihi simulizi, ambamo hakuna matini moja iliyofungwa? Simulizi ya mkuki na ushanga hutendwa upya kila inaposimuliwa. Fanani anapofika mahali ambapo mtoto amemeza ushanga, yeye mwenyewe huwa yuko njiapanda pamoja na Podho. Anaweza kuuharakisha mkono wa Podho au kuuzuia; anaweza kumpa Aruwa maneno ya kuomba radhi au kumnyamazisha. Kwa hiyo, kuuliza kama hasimu angewaokoa maadui zake si kukisia mambo yasiyokuwapo. Ni kuuliza nani alisimulia, kwa nani, na kwa faida gani. Na hayo ni maswali ya kihistoria.

Tuikumbuke kwanza simulizi yenyewe. Imeenea kwa Waacholi na Waalur wa Uganda, ambako ndugu hao huitwa Gipir na Labongo, na kwa Wajaluo wa Kenya huitwa Podho na Aruwa. Majina na nafasi zao hubadilika kutoka msimulizi mmoja hadi mwingine, na hapa tutafuata namna moja tu. Tembo aliingia shambani. Podho akachukua mkuki uliokuwa karibu, nao ulikuwa wa nduguye Aruwa, akamchoma tembo. Tembo akatoroka na mkuki mwilini. Aruwa akakataa fidia ya aina yoyote. Alitaka mkuki uleule. Podho akaenda mwituni, siku nyingi, hata akamfikia bikizee mmoja aliyempokea, akamlisha, akamrudishia mkuki na kumpa shanga nzuri. Aliporejea nyumbani, mtoto wa Aruwa akameza ushanga mmoja. Podho naye akakataa fidia. Alitaka ushanga uleule. Mtoto akapasuliwa tumbo, na ndugu wakatengana milele, wengine wakisema kwamba walitengana huko Pubungu, karibu na Pakwach, kwenye Mto Nile.

Jambo la kwanza linalomshangaza msomaji makini ni haraka. Kila mama aliyelea anajua kwamba mtoto akimeza kitu kidogo kisicho na ncha, dawa yake ni subira ya siku moja au mbili. Aruwa alimpa nduguye muda wote aliouhitaji ili kuusaka mkuki. Podho hampi mtoto hata muda wa kwenda choo. Wenye kuichukulia simulizi hii kuwa kioo cha sheria ya kisasi, jino kwa jino, hupitwa na tofauti hiyo. Malipo hayalingani na deni. Podho hakupasuliwa tumbo. Alitumwa safari ya hatari, akarudi salama, tena na zawadi. Kwa hiyo anachokidai si haki kama ile aliyotendewa, bali ni kitu kilichozidi. Na mtu anayezidisha, kwa maoni yetu, ni mtu ambaye angeweza pia kupunguza. Hapo ndipo hiari yake inapoonekana.

Jambo la pili ni bikizee wa mwituni. Katika baadhi ya masimulizi, yeye ndiye mama wa tembo. Tukiikubali sura hiyo, simulizi nzima hugeuka. Mtu aliyemchoma mwanawe anamjia mlangoni akiwa na njaa, akiutafuta mkuki uliotumika kumdhuru huyo mwana, naye anampa chakula, mkuki na shanga. Hasimu mwenye sababu zote za kuua ameamua kuokoa. Wahakiki wengi humtaja bikizee huyu kama msaidizi, mmoja katika jamii ya wasaidizi wanaopatikana katika ngano za dunia nzima, kisha wanaendelea na safari. Sisi tunamwona kuwa ndiye jibu ambalo simulizi yenyewe inalitoa kwa swali letu, na linatolewa kabla Podho hajafika penye jaribu lake. Shanga anazozipigania ni zawadi ya adui aliyesamehe. Hilo Podho analijua kuliko mtu yeyote kijijini, kwani hakuna mwingine aliyekwenda naye.

Kwa nini basi simulizi hii imesomwa zaidi kama hati ya utengano? Sababu moja ni namna ilivyoingia katika maandishi. Katika miaka ya 1950, Padre J. P. Crazzolara alitoa kazi yake kubwa juu ya Walwoo, na mwaka 1967 Bethwell Ogot akachapisha historia yake ya Wajaluo wa kusini, iliyothibitisha kwamba masimulizi ya mdomo yaweza kuwa chanzo cha historia ya watu wasiokuwa na maandishi. Mchango huo haukadiriki. Lakini mwanahistoria wa uhamaji huuliza swali lake: kwa nini watu hawa walitengana na wale? Mkuki na ushanga ukawa jibu, au angalau alama ya mahali ambapo jibu lilipaswa kuwekwa. Mtoto akawa sababu ya safari. Swali kama angeweza kuokolewa likapoteza maana, kwa sababu angeokolewa pasingekuwa na safari, na pasingekuwa na safari pasingekuwa na Ramogi kule Got Ramogi wala wajukuu wa kuisimulia hadithi. Taban lo Liyong, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliyarudisha masimulizi ya Walwoo kutoka Lolwe hadi Malkal mikononi mwa washairi, na kwa kufanya hivyo alitukumbusha kwamba yalikuwa sanaa kabla hayajawa ushahidi.

Sababu nyingine inahusu fanani. Kabla ya shule na kalamu, watoto wa Wajaluo walizisikia hadithi katika siwindhe, nyumba ya kulala iliyosimamiwa na bikizee aliyeitwa pim. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao juu ya Siaya cha mwaka 1989, wameeleza kwamba pim mara nyingi alikuwa mtu wa kutoka nje, asiye wa damu ya watoto aliowalea. Waliifanya utafiti wao Siaya, lakini asasi yenyewe haikuwa ya Siaya peke yake. Tufikirie basi hali hii: mwanamke mzee, mgeni katika mji, aliyepewa moto na chakula na watu wasio wake, anawasimulia watoto wa ukoo wa Podho habari za mwanamke mzee mwituni aliyempa babu yao moto na chakula. Je, mwanamke huyo angempita bikizee wa mwituni kwa haraka kama tunavyofanya sisi? Hatudhani. Wazee wa kiume, wakikaa barazani na kuzungumzia mipaka ya ardhi, walihitaji simulizi iishe kwa utengano. Pim alihitaji ianze kwa mapokezi.

Hapa ndipo Nyanza Kusini, yaani kaunti za sasa za Homa Bay na Migori, inapoingia katika mjadala, kwa kuwa masimulizi mashuhuri ya huko yamejaa mabikizee wa namna hiyohiyo. Karibu na Kendu Bay, katika Karachuonyo, liko ziwa dogo la volkano liitwalo Simbi Nyaima. Inasimuliwa kwamba palikuwa na kijiji chenye sherehe usiku mmoja; bikizee mgeni akaja akiomba hifadhi, akafukuzwa na wote ila mwanamke mmoja. Akamwambia mwanamke yule aondoke na watu wake, na mvua ikakizamisha kijiji. Huko Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini, alinasa bikizee katika wavu wake. Akamchukua nyumbani, akatajirika kwa mifugo. Alipolewa na kumtukana, bikizee alirudi ziwani na mifugo yote ikamfuata, na Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake mpaka akageuka kuwa mti. Katika hadithi hizi mbili mtu aliyekosewa anao uwezo kamili wa kuokoa na kuangamiza, na anautumia kwa kuchagua. Yule wa Simbi hawaokoi maadui zake. Anamwokoa aliyemfungulia mlango. Yule wa ziwani anaokoa kwanza, anatukanwa baadaye, kisha anachukua alichokileta na si zaidi. Anachukua mifugo, hampasui mtu tumbo. Mizani yake ni sahihi kuliko ya Podho.

Huenda msomaji akatukumbusha kwamba kuokoa nako kwaweza kuwa silaha. Ni kweli, na simulizi ya Luanda Magere, ingawa ni ya Kano, inasimuliwa kusini vilevile. Mke wa Magere aliyetoka kwa maadui alitakiwa amtibu mumewe mgonjwa kwa kuchanja kivuli chake. Alimchanja na mume akapona. Na kwa kumponya akaijua siri iliyomwua. Okoiti Omtatah alipoiandika upya kama tamthilia mwaka 1991, alikuwa ameshika mojawapo ya hali ngumu kabisa katika fasihi yetu: mkono uleule, wembe uleule, tiba na usaliti. Tunakubali kwamba mke wa Magere ndiye hasimu mwenye mgawanyiko wa nafsi kwa maana kamili. Hata hivyo alimponya kwanza. Angeweza kumwacha afe kwa ugonjwa, na watu wake wangeshinda bila kazi yoyote.

Turudi Gwassi, maana ndipo hoja yetu inapotegemea historia zaidi ya fasihi. Watu wa Gwassi, wa Rusinga na wa Mfangano ni Wasuba. Kwa mujibu wa masimulizi yao, mababu wengi walikimbia kutoka upande wa Buganda na Busoga, wakivuka ziwa kwa mitumbwi baada ya machafuko ya utawala. Lugha yao ilikuwa ya Kibantu. Leo walio wengi huzungumza Kijaluo, wakaoa na kuolewa, na ukoo wa Kisuba wa Rusinga ndio uliomtoa Tom Mboya. Huko Migori, kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila udongo wala saruji na kufikia urefu wa mita 4.5 mahali pengine, zinakisiwa kuanza katika karne ya 16. Malango yake ni mafupi na membamba ili adui aingie ameinama. Lakini utafiti uliopelekea kuorodheshwa kwake kuwa urithi wa dunia mwaka 2018 unaonyesha kwamba jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kinailoti, zilikaa humo kwa zamu. Ukuta uliojengwa kuwazuia wageni ukaja kuwahifadhi wageni. Hatutaki kuipamba historia hiyo: kulikuwa na vita, ng'ombe waliibwa, na lugha ya Kisuba imelipa gharama ya mapokezi hayo. Lakini hadhira ya Nyanza Kusini iliyoisikiliza habari ya Podho ilikuwa na watu wengi ambao mababu zao waliwahi kuwa wageni mlangoni. Hao hawangeweza kuisikia kana kwamba kutengana ndiyo njia pekee ya ndugu waliokoseana.

Basi, je, Podho angemwokoa mtoto? Akiwa babu wa kabila, hapana. Nafasi hiyo haimruhusu, kwa kuwa kabila lenyewe limesimama juu ya kukataa kwake. Akiwa mhusika, tunaamini kwamba angeweza, na kwamba simulizi imemtayarishia njia kwa makusudi. Imempeleka kwa adui, ikamfanya aokolewe, ikamrudisha na ushahidi wa kuokolewa kwake ukiwa umetungwa katika uzi. Asipookoa baada ya hayo, kosa si la majaliwa. Ni lake. Sipendi usomaji unaomwondolea kosa hilo kwa kusema kwamba alikuwa akifuata desturi, maana desturi ya Wajaluo, aliyoieleza Paul Mboya wa Karachuonyo katika kitabu chake cha mwaka 1938, ilikuwa na njia nyingi za kufidia na kutakasa.

Limebaki jambo moja ambalo utafiti zaidi unapaswa kuligusa. Katika masimulizi tuliyoyafuata, mtoto hana jina, wala mama yake hasemi neno. Kwa kuwa Wajaluo hawaoi ndani ya ukoo, mama huyo naye alikuwa mgeni katika mji wa Aruwa, aliyeletwa kutoka kwa watu wengine. Yeye hakuwa na mkuki wala ushanga katika ugomvi ule. Itafaa mtu aende Kanyamwa, Kadem au Gwassi, awatafute wazee wa kike waliobaki, na awaulize yeye alisema nini Podho alipoomba kisu.